Anti, mteja aliniuliza mle kwenye kopo naweka nini, nikamdanganya

Shikamoo Anti. Naomba usiandike jina langu wala mtaa, andika tu Moshi maana saluni Moshi ziko nyingi. Nina miaka 29, ni msusi, nina mtoto mmoja wa kiume yuko darasa la pili, baba yake tulishaachana siku nyingi na hela ya matumizi anatuma akijisikia.

Nianze na mamdogo ili unielewe vizuri. Mama yangu alifariki 2012 nikiwa kidato cha pili kule Same, mdogo wake ndio akanichukua, na hakunichukua kama wale wanaomchukua mtoto wa marehemu akawe dada wa kazi, alinisomesha mpaka nikamaliza form four. Matokeo yalivyotoka hayakuwa mazuri nikalia siku mbili, akaniambia acha kulia wewe mikono yako ina akili, akanilipia ada VETA nikasomea ususi na urembo. Jioni nikitoka chuo naenda saluni kwake naosha vichwa, nachambua rasta, nafagia nywele, mpaka nikajua kazi. Saivi mtu akitaka knotless ndogo ndogo za kufika kiunoni au stichi za kwenda nazo send-off anaulizia mkono wangu, hata kama kuna foleni atakaa asubiri. Kope, kucha za jeli, makeup ya bi harusi nimejifunza mwenyewe kwenye simu. Kazi yangu naipenda Anti, nikimaliza kichwa mtu akajiangalia kwenye kioo akanyamaza halafu akaanza kutabasamu mimi nasahau kabisa miguu inavyouma.

Mkorogo wa kuchubua ngozi ulianza 2019. Mamdogo alikwenda Kariakoo kufuata nywele akarudi na begi la vipodozi akasema huku ndio kwenye hela, akanifundisha kuchanganya. Kuna losheni ya kujazia kopo, kuna tyubu, kuna vichupa, na kuna kopo jingine halina hata maandishi ambalo mpaka leo sijui ndani kuna nini, linakuja limefungwa kwenye mfuko mweusi na harufu yake inapanda kichwani. Nilikuwa nachanganya kwa mikono mitupu kwenye chumba cha nyuma, siku hizi ndio kidogo navaa mfuko wa nailoni. Mwanzo wateja walikuwa wawili watatu, wakaanza kuletana. Kopo tunauza 35,000, kulitengeneza halifiki 12,000, mimi napata 5,000 kila kopo na kwa wiki tunatoa makopo kumi hivi, Desemba wakati watu wamerudi nyumbani kutoka Dar na kila mahali ni harusi na kipaimara yanafika hata thelathini. Kwenye kusuka nalipwa kwa asilimia, kichwa cha 30,000 napata 12,000 lakini kichwa hicho nimekaa nacho masaa sita. Kwahiyo sitakudanganya, ada ya mtoto inatoka kwenye makopo. Mamdogo anasema na kodi ya fremu pia inatoka huko huko, bila mkorogo saluni inafungwa na wasichana wanne tuliowaajiri wanarudi kwao.

Na mimi najipaka. Sikutaka, ila mamdogo aliniambia msusi mweusi atamuuzia nani mng'ao, wewe ndio bango letu. Nilikuwa maji ya kunde, saivi ukiniona kwenye picha ya kitambulisho huwezi kujua ni mimi, isipokuwa kwenye viungio vya vidole ambako kumekataa. Nikipita juani uso unawaka kama nimepakwa pilipili na mashavuni mishipa myekundu inaonekana.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Nina mteja mmoja mwalimu wa shule ya msingi, ni dada mpole sana, huyu nimemsuka miaka mitano na kopo anachukua kila mwezi bila kukosa, hata alivyokuwa mjamzito aliendelea. Mwezi wa pili mwaka huu alijifungua kwa operesheni. Tukapotezana. Baadaye akaja saluni mchana hakuna watu, amekonda, akakaa kwenye kiti changu akaniambia kidonda kilifumuka, walimshona tena, kikakaa wiki kadhaa hakifungi, na daktari alimuuliza anajipaka nini akasema ni mafuta ya saluni tu. Akaniangalia kwenye kioo, hakugeuka, akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, mle kwenye kopo ulikuwa unaweka nini?" Anti hakuja kwa ugomvi, aliuliza kama mtu anayeomba maji. Mimi nikamjibu, "Ni losheni ya kawaida tu dada na vitamini." Akasema haya. Nikamsuka twende kilioni, nikakataa hela yake, akaondoka. Usiku sikulala.

Halafu wiki mbili zilizopita akaja mama mmoja na binti yake wa miaka minne, mtoto mzuri mweusi ana macho makubwa, mama anasema mtoto amechukua rangi ya baba yake anataka kopo laini la mtoto kabla hajaanza chekechea. Nilidhani mamdogo atakataa. Akaniambia mtengenezee, weka kidogo. Nikasema tumbo linaniuma nikaenda chooni nikakaa huko mpaka nikasikia wameondoka, wakaambiwa warudi.

Tangu siku hiyo sijachanganya kopo hata moja, nasingizia kuumwa, mamdogo anachanganya mwenyewe na ameanza kuninunia. Na yeye sio mzima Anti, ana presha, mwaka jana wakamwambia na sukari imepanda, amenenepa tumbo lakini miguu na mikono imekuwa myembamba, uso umekuwa mduara, akibonyezwa kidogo tu ngozi inavilia damu. Nikimletea maneno ya kumuudhi presha ikipanda watasema nimemuua mimi, na mimi na mwanangu tunakaa chumba cha uani kwake hatulipi kodi.

Nimeweka 640,000 kwenye vikoba. Fremu niliyoulizia ni 150,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi. Rafiki yangu ananiambia nikamripoti TBS, wale wa viwango, yaishe, mwingine ananiambia acha utakatifu, wateja ni watu wazima wanajua wanachotaka na nisipochanganya mimi watachanganyiwa mlango wa tatu. Mimi sijui. Huyu mama ndiye aliyenifanya niwe mtu. Nikimwambia mwalimu ukweli nitakuwa nimemuuza mamdogo, na nikinyamaza kila nikishika kitana naona yale macho kwenye kioo. Nifanyeje Anti?

Msusi, Moshi


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikaisoma kwa sauti, na pale kwenye kioo sauti ilikwama. Pole sana. Pole na kwa mama, naona miaka yote hii bado unamtaja kwanza kabla hujataja kitu kingine.

Ngoja nijaribu kusema ninavyokuelewa, nikikosea utanisahihisha. Umeniandikia habari ya mkorogo lakini naona kuna mambo matatu yamesukwa kichwa kimoja na ndio maana ukivuta hili linauma lile. Kuna kazi ya kuchanganya ambayo mikono yako imeshagoma yenyewe kabla wewe hujaamua. Kuna mwalimu na lile jibu ulilompa. Na kuna mamdogo, ambaye unamdai na anakudai mambo ambayo hayahesabiki kwa shilingi. Naomba tuyafumue, kila moja tulishike peke yake, maana ukisubiri mpaka upate jibu moja la yote matatu utakaa hapo mpaka Desemba.

Tuanze na mwalimu. Wewe umeshajihukumu, kwenye akili yako kile kidonda umekifumua wewe. Mimi sio daktari, na hata daktari asingeweza kukuambia kwa uhakika kutoka kwenye barua. Kidonda cha operesheni kinaweza kufumuka kwa maambukizi, kwa sukari, kwa upungufu wa damu, hata kwa kukohoa sana. Ila na hili nisilifiche, zile tyubu zinazowekwa kwenye mkorogo mara nyingi ni dawa kali za ngozi za jamii ya steroidi, ambazo daktari anampa mtu apake sehemu ndogo kwa muda mfupi, na mtu akizipaka mwili mzima miaka ngozi inakuwa nyembamba, inachanika michirizi, na kidonda kinachelewa kufunga. Kwahiyo inawezekana kopo lilichangia na inawezekana halikuchangia, na wewe huna haja ya kujua lipi ndio uweze kusogea.

Maana angalia alichouliza. Hakuuliza nani mwenye makosa. Aliuliza mle kulikuwa na nini, na nadhani aliuliza kwa sababu daktari alimuuliza na yeye hakuwa na jibu. Wewe unawaza kuungama, unaona kama siku utakayosema ndio siku ya kuvuliwa nguo hadharani, lakini yeye anahitaji taarifa ya kupeleka hospitali. Na ananyonyesha mwanangu. Lile kopo lisilo na maandishi silijui lina nini na wewe hulijui, ila krimu nyingi za kuchubua zinazopitishwa kimya kimya zimewahi kukutwa na zebaki, ambayo huwezi kuiona wala kuitambua kwa macho, inaingia kupitia ngozi na inatoa hewa ambayo mtu anaivuta, inaumiza figo, na mama mjamzito au anayenyonyesha inaweza kumfikia mtoto wake. Sikuambii haya nikutishe, nakuambia kwa sababu hilo ndilo daktari angependa alijue mapema, na wa kumwambia wako wawili tu, wewe na mamdogo.

Je, lazima umtaje mamdogo? Sijui. Jiulize kama inawezekana kumwambia, dada siku ile uliponiuliza niliogopa sikukujibu ukweli, mle kulikuwa na dawa za tyubu na kitu kingine ambacho hata mimi sikijui jina, nakuomba umwambie daktari. Hayo ni maneno ya dakika moja. Hatari yake ipo, anaweza kukasirika, anaweza kumwambia mume wake, mume akaja saluni na maneno. Anaweza pia kulia akakushukuru, wewe umemsuka miaka mitano unamjua kuliko mimi. Na kuna hatari ya upande wa pili ambayo rafiki zako hawakukutajia, kwamba anaweza kuwa bado ana kopo nyumbani na bado anajipaka, na yule mtoto analala kwenye kifua kile kile.

Kitu kimoja tu nakuomba ukishike sana, kwa mwalimu, kwa wateja wengine na kwa wewe mwenyewe: usimwambie mtu aache ghafla leo leo halafu basi. Mtu aliyepaka steroidi kali muda mrefu akiacha kwa mkupuo ngozi inaweza kuwaka, kuvimba na kuwa nyekundu wiki nyingi, wengi wakiona hivyo wanarudi mbio kwenye kopo wakidhani ndio lilikuwa linawalinda. Na kama alipaka mwili mzima kwa miaka, mwili wenyewe unaweza kuwa umepunguza kutengeneza homoni yake kwa vile ulikuwa unaipata kutoka nje, akikata ghafla anaweza kuishiwa nguvu, presha ikashuka, akazidiwa kweli kweli. Aende kwa daktari haraka, amweleze, yeye ndiye atampangia namna ya kuacha. Na nyie wa Moshi mna bahati ambayo mikoa mingi haina, pale hospitali ya KCMC kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, wagonjwa wa mkorogo kwao sio kitu kigeni, hawatakushangaa.

Nikiwa hapo niseme kitu, nisamehe nikitoka nje ya mstari. Kituo hicho hicho ndiko yanakotengenezwa mafuta ya kuzuia jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu wao wamezaliwa bila ule weusi unaoikinga ngozi na jua la kwetu, na saratani ya ngozi inawapata wakiwa bado vijana. Mji mmoja, huku watu wanahangaika usiku na mchana kumtengenezea mtu kinga aliyonyimwa, kule anakuja mama anataka binti wa miaka minne aondolewe aliyopewa. Uliposema mtoto mzuri mweusi ana macho makubwa nilijua kuna sehemu ndani yako haijachubuka.

Sasa mamdogo. Hapa naomba usome taratibu. Umemuelezea ukapita haraka, presha, sukari imepanda, tumbo kubwa miguu myembamba, uso umekuwa mduara, ngozi ikiguswa inavilia damu. Umeyaandika kama sababu ya kunyamaza. Mimi nilivyoyasoma nikajiuliza swali jingine kabisa: yeye anajipaka tangu lini? Maana hukusema, lakini mwanamke anayeuza mng'ao na kumwambia mwenzake wewe ndio bango, sidhani kama yeye mwenyewe hapaki. Steroidi zikiingia mwilini kwa wingi kupitia ngozi, miaka na miaka, zinaweza kuleta mambo yale yale uliyoyataja, karibu moja baada ya lingine. Tena kuna sukari na presha zinazokuja kwa umri na kwa ukoo, kwahiyo usiende kumwambia Anti amesema unaumwa mkorogo, mimi sijampima. Lakini je, daktari wake wa presha anajua anachojipaka? Kama hajui anaweza kuwa anaongezewa vidonge kila kliniki huku anapandisha mwenyewe kila asubuhi akitoka kuoga.

Unaona inavyobadilika? Mpaka sasa ukimfikiria mamdogo unamuona kama mtu atakayeumizwa na ukweli. Inawezekana ni mtu anayeuhitaji ukweli kama mwalimu anavyouhitaji. Sikuhakikishii kwamba atakusikiliza. Ila kumuendea mtu kwa kusema mamdogo naomba nikusindikize kliniki na tubebe na kopo tukamuonyeshe daktari, ni njia tofauti na kumuendea kwa kusema kazi yako ni ya dhambi. Na isiwe saluni mbele ya wasichana, wala usiku mmechoka. Unajua siku zake za kucheka, labda Jumapili mmeshakula, labda ukiwa unamsuka yeye, watu wengi wakiwa wameinamisha kichwa mikononi mwa mtu wanasikia vizuri zaidi. Hatari yake unaijua kuliko mimi, anaweza kukuambia nimekulea leo unanifundisha, anaweza kukutoa kwenye kile chumba. Kabla hujafungua mdomo jua wewe na mtoto mtalala wapi ikitokea, hata kama ni kwa rafiki wiki mbili. Afadhali upange na isitokee.

Kuhusu deni. Unasema ndiye aliyekufanya uwe mtu na nakuamini, ule moyo wa kumlipia ada yatima aliyefeli sio wa kawaida. Lakini nikukumbushe alichokupa ni nini. Alikuambia mikono yako ina akili. Kusuka, kuosha, kumpamba bi harusi, hiyo ndiyo aliyokupa ukiwa na miaka kumi na nane. Mkorogo ulikuja baadaye na begi la Kariakoo, na kwa huo umemfanyia kazi miaka sita kwa 5,000 ya kopo. Je, shukrani yako ni kwa yule wa kwanza au lazima iwe na kwa begi pia? Mimi sikujibu, nakuuliza tu, maana naona umevifunga pamoja kama vile ukikataa kimoja umetupa chote.

Wale marafiki zako nao. Anayesema wateja ni watu wazima wanajua wanachotaka, basi mwalimu asingekuuliza. Wanajua wanachotaka, wanachopewa hawakijui, hata wewe mchanganyaji hukijui. Na yule mtoto wa miaka minne sio mtu mzima. Hilo la kwamba watachanganyiwa mlango wa tatu ni kweli, watachanganyiwa, na hutaweza kuuzuia mlango wa tatu. Sijui kama hilo linakupa ruhusa au halikupi, ila naona tumbo lako siku ile lilishajibu.

Anayesema ripoti TBS yaishe, hayaishi hivyo. Ni kweli tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, zamani vilikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na zebaki, haidrokwinoni ile dawa ya kuchubua, na steroidi vimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, kwahiyo mnachouza hakiko halali na siku yoyote wakaguzi wanaweza kuingia hata bila wewe kusema neno. Hilo hata mamdogo anapaswa kulifikiria kama mfanyabiashara. Lakini ukiripoti, jua kwamba na wewe mikono yako imo, wasichana wanne watakosa kazi kesho yake, na ndani ya ukoo jambo hilo halisahauliki. Upande mwingine makopo thelathini ya Desemba yatakuwa hayajatoka. Ukiona unaelekea huko, kabla ya kwenda tafuta msaidizi wa kisheria, wapo wanaosaidia bure tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, ukae naye umueleze na sehemu yako bila kuficha, ujue unaingia wapi.

Halafu hesabu. Mamdogo anasema bila mkorogo saluni inafungwa, na wewe umelibeba hivyo hivyo. Umewahi kuona daftari? Chukua daftari la shule la mtoto, mwezi mmoja andika kila kichwa kilichosukwa, kila dawa, kila kucha, kila kopo, na upande wa pili kodi, umeme, maji, mishahara. Kwa bei ulizoniandikia makopo kumi yanamuachia kama 180,000 kwa wiki, sio hela ndogo, simlaumu akiogopa kuiacha. Lakini kichwa kimoja cha 30,000 kinamuachia 18,000, sawa sawa na kopo moja, na wewe mwenyewe umesema kuna watu wanasubiri foleni kwa ajili ya mkono wako. Je, makeup ya bi harusi mnatoza inavyostahili au mnaitoa kama zawadi juu ya nywele? Wateja wangapi walisharudi nyumbani kwa sababu ulikuwa chumba cha nyuma unachanganya? Labda ukimaliza daftari utakuta mamdogo yuko sahihi na saluni haisimami. Labda utakuta inasimama kwa kuchechemea. Vyovyote itakavyokuwa utaongea naye ukiwa na namba.

Kuna na njia ya katikati ambayo hukuitaja, kubaki kwenye kiti chako unasuka tu na kumwambia wazi kwamba chumba cha nyuma huingii tena, bila kusingizia tumbo. Ubaya wake ni kwamba utakuwa unasuka huku makopo yanapita pembeni yako, na mteja akikuuliza tena kama mwalimu sijui utajibu nini, hiyo itakuchosha, ila inakupa muda. Kuondoka nako kuna sura nyingi. 640,000 haitoshi fremu ya miezi sita hata kabla hujanunua draya na viti, lakini wapo wasusi wanaoanza kwa kwenda nyumbani kwa mteja na mkoba wao, au wanaokodi kiti kwenye saluni ya mtu, na msimu wa Desemba Moshi unaujua. Hapo kuwa makini na namba za wateja, mamdogo akiamka akute wote wamehama kimya kimya ataona umemuibia na kwa hilo atakuwa na hoja. Usiguse vikoba vyote kwa hasira ya siku moja.

Na wewe mwanangu. Katika barua yote umeomba msaada kwa ajili ya kila mtu, mwili wako umeutaja mistari miwili. Miaka sita unachanganya kwa mikono mitupu kwenye chumba cha nyuma, harufu inapanda kichwani, uso unawaka juani. Ukienda kumsindikiza mamdogo na wewe kapimwe, mwambie daktari kila kitu, figo ziangaliwe, na uulize namna ya kuacha. Mwanao analala na wewe kitanda kimoja? Mtaje na yeye. Mfuko wa nailoni sio glavu.

Barua yako haikusema kama yule mama wa binti wa miaka minne alirudi. Waliambiwa warudi, na nimekuwa nikimuwaza yule mtoto tangu Jumatatu. Akirudi wewe ukiwa upo, hata kama hujaamua lolote kuhusu fremu wala TBS wala mamdogo, unaweza kumvuta mama yake pembeni, au ukamuweka binti kwenye kiti ukamsuka mabutu mazuri na shanga ukaongea na mama yake taratibu wakati unasuka. Niandikie uniambie ilikuwaje, na kuhusu mwalimu pia, hata kama hukwenda.

Anti